Mashimo Manane Barabara ya Madibira

Siku ya nane dimbwi lilikauka, na Inspekta Sabina Kalinga akatamani kumzaba mtu kibao. Hakujua amzabe nani, maana hata yeye alikuwa amelizunguka dimbwi hilo mara tatu tangu Kulwa Nkuba afe, tena ameshika sketi isichafuke.

"Clement," aliita. "Njoo uhesabu."

Koplo Clement, msaidizi wake, alitoka kwenye kivuli cha gari la polisi na daftari lake. Walikuwa kwenye barabara ya udongo inayotoka Mafinga kupitia Madibira mpaka Ubaruku, pale inapopinda na kuambaa na mfereji wa kumwagilia mpunga. Udongo wa Usangu ukilowa ni uji, ukikauka ni saruji. Wenye mikokoteni na bodaboda walikuwa wamelikwepa dimbwi wiki nzima, kwa hiyo kilichokuwa chini yake kilibaki kama kilivyoachwa.

"Mashimo," alisema Clement. "Manne huku, manne kule."

"Kila shimo tairi ngapi?"

Clement alichutama, akapima kwa shubiri. "Moja, afande. Moja nene."

"Skania ya mpunga ina tairi moja moja nyuma?"

"Nyuma ni dabo, mbili mbili."

"Na ina ekseli nne?"

Clement alifungua daftari, akalifunga, akatazama mfereji. Yeye ndiye aliyeandika kwenye jalada kwamba alama za tairi zilipimwa na kukutwa ni za lori. Zilikuwa za lori kweli, hakuongopa. Ila hakuna aliyehesabu.

Jalada lilisema hivi. Alfajiri ya Jumanne iliyopita Kulwa alikuwa anapeleka magunia ya mpunga mashineni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Lori likamgonga kwenye kona. Mambo yangeishia hapo, ingekuwa kesi ya trafiki. Lakini lori lilisimama. Mtu alishuka, akamburuta Kulwa hatua kumi na mbili, akamtumbukiza mferejini. Daktari alikuta matope ndani ya mapafu. Kulwa alikuwa amevunjika mguu na mbavu mbili, majeraha ambayo watu hupona, na alizama akiwa hai. Hayo ni mauaji, na kwa mauaji hayo alishikwa Rabson Mwakipesile, dereva wa Skania ya mpunga ambayo ilikutwa na taa ya mbele imevunjika. Kesho saa nne asubuhi Rabson angesomewa shtaka. Mauaji hayana dhamana, na Sabina aliwahi kumwona mtu akikaa mahabusu miaka minne akisubiri kesi yake ianze.

Shahidi mkubwa alikuwa mjane mwenyewe. Nyamizi alisimama ukingoni mwa barabara, mikono kifuani, akiwatazama polisi wakipima udongo aliofia mumewe. Nyumba yake ilikuwa pale pale, mbele kidogo ya kona.

"Dada Nyamizi, pole tena," alisema Sabina. "Naomba uniambie ulichosikia."

"Nimesema mara ngapi, afande? Skania. Mimi gari sijasomea, lakini tumehamia hapa mwaka wa kumi na moja huu, na magari ya mpunga yanapita mlangoni kwangu. Fuso inalia kivyake, Skania inalia kivyake. Hata huyu mtoto wangu mdogo anakwambia."

"Haiwezi kuwa gari nyingine?"

"Ilikuwa Skania, ina mzigo mzito. Ikasimama, ikawa inanguruma pale pale. Nikajua wameshuka kukojoa." Aligeuka akatazama jiko lake. "Nilijua wanakojoa, afande. Nikaendelea kuchochea moto wangu."

Sabina alimwamini, na hapo ndipo kichwa kilipomuuma. Mwanamke yule hakuwa mwongo wala mbabaishaji. Alisikia Skania. Ila iliyosimama hapa haikuwa Skania.

"Angalia mashimo ya mbele," alimwambia Clement waliposogea. "Unaona nini?"

"Yamekaa mshazari. Tairi zilikuwa zimekata kona."

"Mangapi?"

"La kwanza..." Clement aliinama zaidi. "Na la pili pia. Ekseli mbili za mbele zote zinakata kona?"

"Nyayo za yule aliyeshuka zilianzia wapi?"

Hilo Clement alilijua kwa moyo, kwa sababu alipiga picha yeye mwenyewe asubuhi ile ile kabla mvua haijanyesha. "Kushoto mwa gari. Buti za mpira. Zimezunguka mbele, zikaenda kwa marehemu, zikarudi kushoto. Kulia hakuna hata moja. Ndiyo maana tukasema aliyeshuka ni utingo, na tukawa tunamtafuta utingo wa Rabson."

"Wiki nzima tunamtafuta utingo ambaye Rabson anaapa hana. Hebu fikiri, Clement. Umegonga mtu. Dereva anakaa kwenye usukani anakunywa chai, anamtuma utingo peke yake akaue?"

Clement alitazama mashimo, kisha akatazama upande wa kushoto wa barabara. Taratibu uso wake ulibadilika. "Usukani uko kushoto," alisema.

"Usukani uko kushoto, tairi ni moja moja, ekseli ni nne. Na ile migunga pale juu, tuliposema mvua imeangusha matawi, imekatwa pande zote mbili. Mzigo ulikuwa mpana kuliko barabara. Hilo ni gari la jeshi, la zamani. Nilipokuwa mtoto Iringa nililiona moja likipanda mjini na transfoma ya umeme mgongoni. Shule nzima tulitoka darasani kulishangaa, tukachapwa wote."

Futi ya Clement ilikuwa ya mita tatu na imekatika kwenye mita moja na nusu, kama vifaa vyote vya ofisi. Sabina akamwomba Nyamizi kamba. Mjane aliingia ndani akatoka na kamba ya katani ya kufungia magunia. Waliinyoosha kando ya mashimo manne ya kushoto, wakapiga fundo katikati ya kila shimo, wakaikunja.

"Hiyo kamba mnaenda kumfunga nayo?" aliuliza Nyamizi.

"Tunaenda kumtafuta nayo."

"Mtu si mnaye ndani?"

Sabina aliiweka kamba ndani ya gari, akaaga.

*

Rabson aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa pekupeku. Alikuwa Mnyakyusa mwenye mwili, lakini siku nane zilikuwa zimemnyonya.

"Taa ilivunjika lini?"

"Nimeshasema, afande. Mbuzi, pale Igawa. Mwenye mbuzi nilimlipa, simjui jina."

"Alfajiri ile ulikuwa wapi?"

"Nimelala ndani ya gari, Igawa."

"Nani alikuona?"

"Afande, mtu aliyelala anaonwa na nani?"

"Usukani wa gari yako uko upande gani?"

Rabson alimtazama kama mtu anayetegwa. "Kulia. Kama gari zote."

"Gari yako ikisimama kwenye matope inaacha mashimo mangapi?"

Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Sita. Mbele mawili, nyuma manne, na ya nyuma yanakuwa mapanamapana kwa sababu ya dabo. Kwa nini, afande?"

"Rudi ukapumzike."

"Afande, kesho wananipeleka. Mke wangu yuko Tukuyu na watoto watatu, amesikia redioni kwamba nimeua mtu. Redioni!" Akaanza kulia bila kujificha uso. Sabina alimwonea huruma, na alijionea hasira zaidi, kwa kuwa saini iliyomweka mle ndani ilikuwa yake.

Nje Clement alikuwa amemaliza kupiga simu. Kwenye ofisi ya usajili wa magari, alisema, wametafuta gari la jeshi la ekseli nne lenye namba za kiraia kwa Mbeya na Iringa yote, na kompyuta imejibu hakuna. Sabina hakushangaa. Kompyuta hujibu ilichoandikiwa, na gari kuukuu likishapita mnadani na gereji mbili tatu, anayeandika kadi huandika chochote.

"Gari kama lile likistaafu jeshini linaenda kufanya nini?" aliuliza.

"Kuvuta magogo," alisema Clement. "Mafinga. Msituni kule lori la kawaida linakwama."

"Na barabara ile inatokea wapi?"

Clement alishaingia kwenye gari.

*

Mafinga walifika saa tisa mchana, baridi ikiwa imeanza. Waliuliza gereji ya kwanza nani anayajua magari ya jeshi ya zamani, wakaelekezwa kwa mtu mmoja tu, na gereji ya pili ikawaelekeza huyo huyo. Mzee Kasian alikuwa dereva wa jeshi miaka ishirini na miwili; sasa alitengeneza milango na fremu uani kwake. Walimkuta anapiga randa, mguu mmoja ameunyoosha pembeni.

"Kamwene," alisalimu Sabina kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Karibuni. Kaeni hapo, pangusa maranda."

"Sisi ni polisi, mzee, tunatoka Mbarali. Tuna alama za gari, tumeshindwa kulitambua. Tumeambiwa wewe ndiye unayejua."

Hakusema neno juu ya mtu aliyekufa. Alikuwa amelipanga hivyo njiani, na Clement alilijua. Mtu anayeulizwa juu ya gari husema ya gari. Akiulizwa juu ya maiti hufunga mdomo.

Mzee Kasian aliipokea kamba, akainyoosha chini kati ya mbao. Alishuka magoti kwa taabu, akaweka kipande cha ubao kwenye kila fundo. Vipande vinne. Kisha akavitazama, na tabasamu likaanza kumjia polepole.

"Mbili za mbele zinakata kona pamoja?"

"Ndiyo."

"Tairi moja moja."

"Ndiyo."

"Na hamjui dereva anakaa upande gani," alisema, sasa anacheka kabisa. "Kushoto! Huyu ni Mrusi. Mwanangu, huyu mimi nimelala ndani yake miaka kumi na tatu. Alikuja kubeba vifaru. Vita vilikuwa vimekwisha, vifaru havina pa kwenda, basi tukawa tunaazimwa. Transfoma, mitambo ya viwanda, boila la chai kule Mufindi. Kitu chochote ambacho lori la raia linakitazama na kulia, tulibeba sisi. Watu walikuwa wanatupungia mikono njia nzima."

"Yalikuja mangapi?"

"Manne. Moja liliporomoka mlima Kitonga mwaka tisini na moja, na mwenzangu ndani, Mungu amrehemu. Mawili tuliyachinja spea kambini. Hili la nne lilipigwa mnada, akalinunua Mama Evarista, mwenye kiwanda cha mbao hapo chini. Akakata kile cha kuvutia trela, akaweka bodi ya mbao nzito, ndiyo linabeba magogo."

"Una hakika ni lile lile? Hakuna jingine?"

"Pima wewe." Aligusa ubao wa pili na wa tatu. "Hapa katikati ni mita mbili na sitini na tano. Kapime lori lolote Tanzania hii, ukikuta hivyo njoo unikate sikio."

Clement alikuwa anaandika mbio. Sabina aliuliza lililobaki, kwa sauti ile ile. "Na injini? Mtu mmoja alilisikia, anasema ni Skania."

"Na hajakosea! Injini ya Kirusi ilikuwa inakunywa dizeli kama ng'ombe kisimani. Mwaka juzi tukaitoa. Mimi na kijana wangu tumefunga injini ya Skania iliyopata ajali. Tangu hapo mji wote unaiita Skania, na hata kwenye kadi wameandika hivyo. Sisi hapa gari inaitwa kwa injini yake. Bodi ni nguo tu."

Kwa hiyo Nyamizi alisikia sawa, na kompyuta nayo ilijibu sawa. Neno moja lilikuwa limemponyoka mzee hapo, "kijana wangu", na alitamani mzee asiendelee. Lakini kazi yake ilikuwa kuuliza.

"Nani analiendesha siku hizi, mzee?"

"Mimi nyonga imekufa, klachi yake siiwezi tena. Mama Evarista alileta madereva watatu, wote wakashindwa. Gia zake hazilazimishwi, zinataka kubembelezwa. Anayeliweza ni Sosthenes, mwanangu wa mwisho. Nilimfundisha mwenyewe msituni, miezi sita. Wiki iliyopita kapeleka eskaveta huko bondeni Usangu, peke yake, kwa barabara ya Madibira kukwepa mizani. Eskaveta nzima mgongoni! Nani mwingine anaweza?"

Kalamu ya Clement ilisimama. Mzee Kasian akaona kwamba anacheka peke yake. Alimtazama Clement, akamtazama Sabina.

Sabina aliona aibu. Alikuwa amemwacha mzee wa watu amkabidhi mwanawe huku anajisifu, na hakukuwa na namna nzuri ya kumwambia yaliyobaki. Akamwambia kwa ufupi. Kona, mkokoteni, mkulima anaitwa Kulwa, ameacha mke na watoto.

Mzee aliokota vipande vyake vya ubao kimoja kimoja. Alichukua muda mrefu.

"Andika mimi," alisema.

"Mzee, nakuonya. Huna lazima ya kusema lolote, na utakalosema..."

"Nayajua hayo. Andika. Aliyekuwa anaendesha ni mimi, Kasian. Kijana ana mtoto wa miezi minne. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha, wakinifunga wamefunga nini?"

"Umeniambia klachi huiwezi."

"Siku hiyo niliiweza."

"Ulipomgonga ulifanya nini?"

"Nikashuka. Nikamkuta amekufa. Nikamtoa njiani ili gari nyingine zisimkanyage, nikamweka pembeni." Sauti yake ilikuwa imara, mambo aliyoyasema ndiyo aliyotaka yawe yametokea. "Ajali, mwanangu. Dereva yeyote inampata."

"Kuna mtu anaitwa Rabson, mzee. Yuko ndani siku ya nane kwa kosa hili. Kesho saa nne anasomewa shtaka."

"Shtaka la ajali?"

"La mauaji."

"Mauaji kwa nini? Mtu amegongwa na gari!"

"Kulwa hakuwekwa pembeni. Alitumbukizwa mferejini, na hakuwa amekufa. Daktari amekuta matope kwenye mapafu. Aliyavuta mwenyewe."

Mzee Kasian aliweka vipande vya ubao chini. Mkono wake ulitafuta kitu cha kushika ukapata randa, akaishika.

"Daktari anaweza kukosea," alisema mwishowe.

"Anaweza."

"Yule mwanangu alikuwa anahudumia altare. Muulize padri."

Clement alikuwa ametazama chini.

"Niacheni nimuulize mwenyewe," alisema mzee, akatoa simu yake ndogo ya vitufe mfukoni.

Taratibu zilimtaka Sabina aichukue simu ile. Msituni kuna njia mia, na kijana anayeweza kuendesha Mrusi anaweza kutoweka kabla jua halijazama. Alimtazama mzee aliyepiga magoti kwenye maranda, akafanya kosa ambalo angeliandikia maelezo baadaye.

"Weka sauti kubwa," alisema. Akamwashiria Clement, naye akaondoka kimya kuelekea kiwandani.

Simu iliita mara nne.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Kiwandani. Tunapakia mbao. Vipi, nyonga imekusumbua?"

"Hapana." Mzee alisogeza simu karibu na mdomo. "Sosthenes, nitakuuliza kitu kimoja, wala usinidanganye. Yule mtu wa kule bondeni."

Kwenye simu msumeno wa kiwanda ulisikika ukiingia kwenye gogo, ukalipasua urefu wake wote, ukatoka upande wa pili, ukazimwa.

"Alikuwa anapumua?" aliuliza mzee.

"Baba, mimi..."

"Nimekuuliza, alikuwa anapumua?"

"Kidogo, baba."

Mzee Kasian alitikisa kichwa kukubali, mara mbili tatu, ingawa mwanawe hakuweza kumwona.

"Haya," alisema. "Acha hizo mbao. Njoo nyumbani, una wageni."